Camaro Z/28 ya mwaka 1969 inauzwa hapa Ohio: nitajuaje kama ni halisi?

#1 Mkazi_wa_Ohio

Habari zenu, wakuu. Nimeishi Ohio kwa miaka kumi na minne, na katika muda wote huo nimekuwa nikitamani gari moja tu, nalo ni Chevrolet Camaro ya mwaka 1969. Wiki iliyopita nimeliona moja likiuzwa kwa dola 72,000 karibu na Dayton. Muuzaji anadai kwamba ni Z/28 halisi, yaani lile toleo la Camaro lenye kifurushi cha mbio, la rangi ya chungwa lenye milia myeupe, na kwamba injini yake ni ile ile iliyofungwa kiwandani. Nilipomwomba uthibitisho alinionyesha namba ya chasi iliyoko juu ya dashibodi, ambayo inaanza na 124379N6, akasema kwamba namba hiyo peke yake inatosha kuonyesha kuwa gari ni Z/28. Nimeelekea kumwamini, lakini fedha hizi ni akiba ya miaka saba. Je, kuna jambo jingine la kukagua kabla sijalipa?

#2 Fundi_Sampu

Usilipe. Muuzaji huyo ama hajui gari lake au anajua zaidi ya anavyosema.

Namba ya chasi ya Camaro ya 1969 haitaji Z/28 mahali popote. Tarakimu ya 1 ya kwanza ni Chevrolet, 24 ni Camaro yenye injini ya silinda nane (ya silinda sita ingeandikwa 23), 37 ni bodi ya paa gumu yenye milango miwili, 9 ni mwaka wa modeli, na N ni kiwanda cha Norwood, ambacho kilikuwa hapo hapo kwenu Ohio, pembeni mwa Cincinnati, hadi kilipofungwa mwaka 1987. Tarakimu zinazofuata ni za mfululizo wa uzalishaji, na zilianzia 500001. Gari la mwalimu wa shule lililotoka na injini ndogo ya kabureta ya midomo miwili lina mwanzo ule ule wa 124379N. Kwa hiyo ulichoonyeshwa kinathibitisha kwamba gari ni Camaro ya silinda nane iliyotoka Norwood, basi.

#3 Bibi_Gereji

Naunga mkono #2, na naongeza kibati. Fungua boneti, utazame ukuta wa bati unaotenga injini na kabini, upande wa dereva. Pana kibati kidogo kilichoshikiliwa na ribiti mbili, chenye namba za bodi, rangi, viti na wiki ya utengenezaji. Kuanzia katikati ya Desemba 1968, kiwanda cha Norwood kilianza kugonga pia alama ya X. X33 ni Z/28 yenye mapambo ya ziada ya nje, na X77 ni Z/28 isiyo na mapambo hayo. X11 haitoshi kukupa jibu, kwa sababu inaweza kuwa SS, toleo jingine la Camaro, yenye injini ya inchi za ujazo 350 au gari la kawaida lililopambwa. Kiwanda cha pili, kile cha Los Angeles, hakikutumia alama hizo kabisa, kwa hiyo mwenye gari la huko hana msaada huu.

#4 Chuma_Chakavu

Kabla ya kibati, naomba kuuliza swali la msingi zaidi: shemeji ana habari na hizo dola 72,000?

#5 Mkazi_wa_Ohio

Shemeji yako anajua kwamba natafuta gari. Kiasi bado tunakijadili kwa awamu.

Asante, Bibi. Nimeitazama picha niliyopiga, na kibati kinaonyesha 04B, X33, na rangi ni 72 72. Nimesoma kwamba 72 ndiyo ile rangi ya chungwa iliyoitwa Hugger Orange. Basi naona suala limekwisha.

#6 Fundi_Sampu

Halijakwisha, ndugu yangu, ndiyo kwanza linaanza. 04B ni wiki ya pili ya Aprili 1969, na 72 kweli ni Hugger Orange. Lakini kibati kile hakina namba ya chasi. Kina namba ya bodi, ambayo ni mfululizo mwingine kabisa. Mtu akichomoa kibati cha X33 kwenye gari lililooza na kukipachika kwenye gari jingine zima, hakuna hata tarakimu moja itakayogongana na dashibodi. Isitoshe, vibati vipya vinagongwa na kuuzwa, pamoja na ribiti zake. Kinachosaidia ni kwamba watafiti wa Camaro wamekusanya namba nyingi za magari yaliyosalia, na kundi la Camaro Research Group limechapisha jinsi namba ya bodi, wiki na namba ya chasi zinavyokwenda sambamba. Kibati kilichohamishwa mara nyingi hujifichua hapo, kwa sababu namba yake ya bodi inaangukia mwezi ambao chasi yake haikuwa imezaliwa.

#7 Mrima_Maskati

Salamu kutoka Maskati. Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu Waomani na watu wa Ghuba kwa jumla tunayapenda magari haya kuliko mifuko yetu inavyoruhusu.

Mwaka juzi dalali mmoja aliniuzia Pontiac GTO ya 1969 akiwa Marekani, mimi nikiwa hapa. Alisema ni The Judge, yaani GTO yenye kifurushi maalumu cha jina hilo, na lilikuwa na kila kitu: bawa la nyuma, vibandiko, hata rangi. Namba ya chasi ilianza na 242, ambayo kuanzia 1966 hadi 1971 ni ya GTO, kwa hiyo nilijiona mjanja kwa kulijua hilo. Gari lilipofika bandarini ndipo rafiki yangu aliponiuliza kama nimeagiza karatasi za PHS. Hiyo ni huduma ya Pontiac Historic Services, ambayo inahifadhi kumbukumbu za ankara za kiwanda na kukupa nakala ukilipa ada. Nilipoagiza, ankara ilionyesha GTO ya kawaida isiyo na kifurushi cha Judge. Judge zilizotengenezwa mwaka ule ni 6,833 tu, na langu halimo. Gari bado ninalo, na linakwenda vizuri sana, lakini kila nikilitazama lile bawa nafsi inanisuta.

Kwa hiyo, Mkazi, agiza karatasi za kiwanda kwanza. Ada yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kulitazama gari.

#8 Mwana_wa_Minnesota

Naafiki. Kwa upande wa Ford kuna ripoti ya Kevin Marti, ambaye ana kumbukumbu za uzalishaji za kampuni kuanzia modeli za 1967. Unampa namba ya chasi, naye anakueleza injini, gia, rangi, ekseli na hata muuzaji wa kwanza. Na Ford wenyewe walikuwa waungwana, kwani herufi ya tano ya namba ya chasi ni injini. Mustang Mach 1 ya 1969 niliyokaribia kuinunua ilitangazwa kuwa na injini ya inchi za ujazo 428, ile iitwayo Cobra Jet. Herufi ya tano ilikuwa M, yaani 351. Ilipaswa kuwa Q au R. Nilimwonyesha muuzaji, akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba baba yake ndiye aliyekuwa akiita 428.

#9 Bibi_Gereji

Marehemu baba yake amebebeshwa mzigo.

Ila #7 na #8 msimpotoshe mwenye uzi. Ushauri wenu ni mzuri kwa Pontiac na Ford, lakini Chevrolet hawana kumbukumbu za namna hiyo kwa Camaro za mwaka huo zilizouzwa Marekani. Hakuna ofisi utakayoiandikia ikakujibu kwamba chasi fulani ilitoka ikiwa Z/28. Ndiyo maana Camaro ndilo gari linalonakiliwa sana.

#10 Toronto_Njia_Panda

Naomba kuongeza jambo dogo kwa #9. Kumbukumbu za GM zipo kwa magari yaliyopelekwa Kanada yakiwa mapya, na GM Kanada imekuwa ikitoa nakala zake kwa ada. Mzee mmoja wa kanisani kwetu alithibitisha Camaro yake kwa njia hiyo. Huenda gari hili halikuwahi kuvuka mpaka, lakini kuuliza historia yake hakugharimu chochote.

#11 Mkazi_wa_Ohio

Muuzaji anasema gari halijawahi kutoka Ohio na Indiana. Hata hivyo, anacho kile kibati cha dhamana kilichokuwa kikitolewa pamoja na kitabu cha gari jipya, ambacho wenyewe wanakiita Protect-O-Plate, na kina namba ya chasi ile ile pamoja na alama ya injini DZ.

#12 Fundi_Sampu

Kama kibati hicho ni cha kweli, ni ushahidi mzuri kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kwa sababu kinaunganisha chasi, injini, gia na ekseli mahali pamoja. Lakini nacho kinaghushiwa. Tazama kama kitabu chake kina jina la mmiliki wa kwanza na duka lililouza, kisha umtafute mmiliki huyo au watoto wake. Picha moja ya harusi ya mwaka 1972 yenye gari hilo nyuma ya bwana harusi ina uzito kuliko karatasi kumi zilizochapwa juzi.

Sasa tuje kwenye injini yenyewe. Umeutazama ule uso bapa wa bloku ulioko mbele, chini kidogo ya silinda hedi ya kulia? Hapo ndipo penye maneno.

#13 Mkazi_wa_Ohio

Nimerudi Dayton jana Jumamosi, na sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyokwenda. Naeleza nilichokiona kwa utaratibu.

Kwenye uso huo wa bloku pamegongwa V0401DZ, na pembeni yake 19N6 ikifuatiwa na tarakimu zile zile za mwisho za dashibodi. Tarehe ya kusubu, yaani siku chuma cha bloku kilipomiminwa kwenye kalibu, iko nyuma ya bloku, nayo ni C 18 9. Giaboksi ni Muncie, na namba yake inaanza na P9C. Breki za mbele ni za diski, springi za nyuma zina majani mengi. Mpaka hapo nilikuwa nafurahi.

Mambo mawili yamenikosesha usingizi. La kwanza, uso ule wa bloku ni laini kama sahani, hauna ile mikwaruzo myembamba iliyonyooka ambayo nimesoma kwamba mashine ya kiwandani huiacha. La pili, nilipoinua zulia la buti nilikuta rangi ya buluu ndani ya ubavu wa nyuma wa kushoto. Upande wa kulia ni chungwa mpaka ndani. Muuzaji alipoulizwa alisema gari lina umri wa zaidi ya miaka hamsini na halihojiwi kama mtuhumiwa.

#14 Chuma_Chakavu

Nimependa sentensi hiyo. Nitaitumia nyumbani.

#15 Fundi_Sampu

Tarehe zinapangika. C 18 9 ni Machi 18, 1969, siku bloku iliposubiwa. V0401 ni injini iliyounganishwa Flint tarehe 1 Aprili. DZ ni alama ya injini ya 302, yaani ya inchi za ujazo 302, ya Z/28 ya mwaka huo. Bodi ni ya wiki ya pili ya Aprili. Mpangilio wa kusubu, kuunganisha injini, kisha kuunganisha gari ndio unaotakiwa.

Lakini uso laini ni tatizo kubwa. Uso ule uko kwenye usawa mmoja na uso unaokaliwa na silinda hedi. Injini ikifunguliwa na bloku ikapitishwa kwenye mashine ya kusawazisha, mikwaruzo ya kiwanda na namba zote mbili huondoka kwa pamoja. Mikwaruzo ikiwa haipo na namba zipo, maana yake namba zimegongwa baada ya kusawazisha. Kwa maoni yangu bloku hiyo imegongwa upya.

#16 Karani_Mstaafu

Nimekuwa nikisoma uzi huu kimya, na naona Fundi amehukumu mapema. Yako maelezo mengine mawili. Fundi aliyejenga injini upya miaka ya themanini huenda aliona namba halisi, akaziandika, akasawazisha bloku, kisha akazirudisha zile zile kwa sababu mwenye gari alimwomba. Zitakuwa zimegongwa upya, lakini bloku ni yake ya asili. Pili, kutu na miaka mingi ya kusuguliwa kwa karatasi ya msasa na watu wanaotaka kuzisoma namba zinaweza kufuta mikwaruzo myembamba na kuacha namba, kwa kuwa namba ni za kina zaidi. Nimeona injini ya aina hiyo, na mwenye nayo hakuwahi kuiuza wala kudai lolote.

#17 Fundi_Sampu

Mzee Karani, nakubali kwamba msasa unaweza kufanya hivyo, lakini msasa huacha dosari zake na hauwezi kuufanya uso uwe kama sahani. Kuhusu fundi mwema wa miaka ya themanini, sina namna ya kumkanusha, na ndiyo shida yake: kila muuzaji anaye fundi wa aina hiyo.

#18 Bibi_Gereji

Kuna jambo mnalipita. Mkazi, linganisha mwandiko wa namba hizo mbili. V0401DZ iligongwa kwenye kiwanda cha injini huko Flint, na 19N6 iligongwa Norwood, kwa mihuri tofauti na mikono tofauti. Katika injini halisi kwa kawaida hazifanani kwa kina wala kwa mpangilio, na ile ya chasi mara nyingi imepinda kidogo kwa sababu mtu aliigonga gari likiwa linasubiri kwenye mstari wa kazi. Zikiwa zimenyooka zote kwenye mstari mmoja kama wanafunzi wa gwaride, mgongaji ni mmoja. Halafu usisahau kwamba magari mengine yamegongwa namba ya chasi karibu na chujio la mafuta badala ya hapo mbele, kwa hiyo pasafishe na hapo.

#19 Mwana_wa_Minnesota

Swali la mtu wa Ford: kwa nini usisome namba ya kusubu ya bloku kujua kama ni 302 kweli?

#20 Fundi_Sampu

Kwa sababu haitoshi. Bloku ya 3970010, ambayo ni mojawapo ya zilizotumika kwenye 302, ilitumika pia kwenye 350 za magari ya kawaida na malori kwa miaka mingi baadaye. Kipenyo cha silinda ni kile kile, inchi 4.00. Tofauti iko kwenye krankishafti. Pistoni ya 302 inasafiri inchi 3.00, karibu milimita 76, na ya 350 inasafiri inchi 3.48, karibu milimita 88. Chomoa plagi, ingiza kijiti chembamba, zungusha injini kwa mkono taratibu, upime.

#21 Karani_Mstaafu

Tundu la plagi limeinama, Fundi. Kijiti hakitasafiri sawa na pistoni, na kipimo hakitakuwa sahihi.

#22 Fundi_Sampu

Ni kweli, nasahihishwa. Hakitakupa 76 kamili. Lakini tofauti ya milimita 12 ni kubwa, na ukiwa na injini ya 350 inayojulikana pembeni utaiona kwa macho. Njia ya uhakika ni kushusha sampu, yaani bakuli la mafuta lililo chini ya injini, ambapo pia utaona kama beringi kuu za katikati zimefungwa kwa bolti nne kila moja, lakini sidhani kama muuzaji aliyekasirishwa na zulia la buti atakuruhusu kushusha sampu.

#23 Mrima_Maskati

Hakuna aliyeizungumzia rangi ya buluu, nami ndiyo inayonitisha. Ubavu mmoja buluu na mwingine chungwa unanifanya nione magari mawili yaliyoungwa kuwa moja.

#24 Bibi_Gereji

Inawezekana, lakini usikimbilie huko. Magari haya yaliendeshwa kwenye theluji yenye chumvi, na mbavu za nyuma ndizo zinazooza mwanzo. Miaka ya sabini na themanini ilikuwa kawaida kabisa kukata ubavu mzima kutoka gari la kuvunjavunja na kuuchomelea, kwa sababu Camaro ya zamani ilikuwa gari la zamani tu, haikuwa hazina. Ubavu wa buluu unaweza kuwa umetoka kwenye gari lolote. Swali ni ukuta wa mbele na sakafu vimetoka wapi, kwa kuwa huko ndiko utambulisho wa gari uliko.

#25 Mwanafunzi_wa_Kutu

Au ni kinyume chake, Bibi. Labda bodi nzima ilikuwa ya buluu, na upande wa kulia ndio uliobadilishwa au kupakwa rangi kwa uangalifu zaidi. Tunadhani chungwa ndiyo ya asili kwa sababu kibati kimesema, na kibati chenyewe ndicho tunachokishuku.

#26 Karani_Mstaafu

Huyu mwanafunzi apewe alama zake. Mkazi, tafuta mahali ambapo hakuna mtu anayejisumbua kupaka rangi: nyuma ya dashibodi, chini ya bati la nyuma ya kiti, ndani ya milango chini ya mpira. Ukikuta buluu huko, kibati cha 72 kina la kujibu.

Pia kuna namba zilizofichwa. Camaro za mwaka huo zina sehemu ya namba ya chasi iliyogongwa kwenye bodi mahali pawili: moja chini ya bati lenye matundu ya hewa lililo mbele ya kioo, nyingine kwenye ukuta wa bati nyuma ya kasha la hita. Anayebadilisha kibati cha dashibodi mara nyingi huzisahau, au hushindwa kuzifikia.

#27 Mwana_wa_Minnesota

Hapo hapo niongeze tahadhari. Mtu yeyote asikudanganye kwamba unaweza kukichomoa kibati cha chasi cha dashibodi ili ukitazame vizuri au upake rangi. Mwaka 2017 huko Kansas, Corvette ya 1959 ilizuiwa na polisi kwa sababu kibati chake kilikuwa kimetolewa na kurudishwa wakati wa matengenezo, na aliyelinunua hakuwa na kosa lolote. Kwa sheria ya wakati ule gari lilistahili kuteketezwa. Ilibidi sheria ya jimbo ibadilishwe mwaka 2022. Tazama ribiti tu. Zinapaswa kuwa na kichwa chenye umbo la ua.

#28 Mrima_Maskati

Na kama kuna anayefikiria kulisafirisha gari la namna hiyo, forodha ya Marekani inataka hati halisi ya umiliki angalau saa 72 kabla ya gari kuondoka. Namba yenye utata utaikuta hapo bandarini, ukiwa umeshalipa.

#29 Chuma_Chakavu

Mimi naomba niulize swali la mjinga. Kama gari linanguruma, linavutia, na hakuna atakayeinama kulisoma tumboni, kwa nini asilipe tu bei ya nakala na kufurahi? Hata hiyo Z/28 halisi, kifurushi chake kilianza kwa takriban dola 458 tu juu ya bei ya gari wakati ule. Tunagombania dola 458.

#30 Bibi_Gereji

Si swali la mjinga. Nakala iliyojengwa vizuri, ikauzwa kwa jina lake na kwa bei yake, ni gari la heshima, na mimi mwenyewe ninayo. Z/28 za 1969 zilikuwa 20,302, kwa hiyo si kwamba ni adimu kama ZL1, zile Camaro za injini ya alumini, ambazo zilikuwa 69 tu. Ugomvi wangu ni bei. Dola 72,000 ni bei ya gari ambalo ushahidi wake umekamilika, na hili lina ushahidi nusu.

#31 Mwanafunzi_wa_Kutu

Jambo moja rahisi ambalo halijatajwa: Z/28 haikuuzwa na gia otomatiki wala kiyoyozi. Tazama kama ukuta wa mbele una matundu yaliyozibwa ya mabomba ya kiyoyozi, na kama sakafu imekatwa na kuchomelewa kwa ajili ya gia za mkono.

#32 Mkazi_wa_Ohio

Nimerudi kutoka Dayton kwa mara ya tatu, safari hii nikiwa na kamera ndogo ya waya niliyoazimwa kazini. Nawashukuru wote.

Nyuma ya kasha la hita nimeona namba iliyofichwa, na inalingana na dashibodi. Ribiti zina umbo la ua. Hakuna matundu ya kiyoyozi, na sakafu haijakatwa. Nyuma ya dashibodi kuna chungwa. Lakini chini ya bati la nyuma ya kiti kuna chungwa upande mmoja na rangi ya kijivu ya msingi upande mwingine, hakuna buluu. Namba mbili za kwenye injini, Bibi, zimenyooka kama ulivyosema, ingawa ile ya chasi ina tarakimu moja, ile 6, iliyozama zaidi. Kijiti cha kwenye plagi kilisafiri milimita 74, nikipima kwa rula ya mtoto wangu.

#33 Karani_Mstaafu

Basi bodi ni yake, rangi ni yake, na injini ni 302. Nabaki na fundi wangu mwema wa miaka ya themanini.

#34 Fundi_Sampu

Bodi ni yake, nakubali. Injini ni 302, yaelekea. Lakini 302 inaweza kujengwa leo kwenye bloku ya 350 kwa krankishafti ya inchi 3.00, na DZ ikagongwa jioni hiyo hiyo. Na namba iliyofichwa inasema bodi hii ndiyo chasi hii. Haisemi kwamba chasi hii ilizaliwa Z/28. Kwa hilo tumebaki na kibati cha X33 na kibati cha dhamana.

#35 Mwanafunzi_wa_Kutu

Na ubavu wa kijivu? Kipande kipya cha akiba kutoka dukani hupakwa rangi ya msingi tu. Kwa hiyo upande mmoja buluu ya gari jingine na upande mwingine kipande kipya? Hilo gari liligongwa mara ngapi?

#36 Bibi_Gereji

Mkazi, tutumie namba ya bodi iliyoko kwenye kibati, ficha tarakimu mbili za mwisho. Nina orodha ya magari ya Aprili. Na kile kitabu cha dhamana kina jina la mmiliki wa kwanza au hakina?

#37 Mkazi_wa_Ohio

Kina jina na mji, ni mji mdogo wa Indiana, saa mbili kutoka hapa. Nimepata namba ya simu ya mtu mwenye jina la ukoo huo. Nitapiga Jumatatu baada ya kazi. Muuzaji ameshusha bei hadi 64,000 bila mimi kumwomba, na hilo nalo sijui nilifasiri vipi.

#38 Chuma_Chakavu

Shemeji atakapoulizwa, mwambie umeokoa dola 8,000.